Wakarelia na Lugha Yao

Kaskazini ya Ulaya iko nchi ya misitu na maziwa. Inaitwa Karelia. Sehemu yake kubwa imo Urusi, na sehemu nyingine imo Ufini. Wenyeji wake ni Wakarelia.

Kazi zao

Huko baridi ni kali na theluji hufunika mashamba. Zamani Wakarelia walifyeka msitu, wakachoma miti, wakapanda nafaka kwenye majivu. Rutuba ikiisha, walihamia mahali pengine. Walipanda sana rai. Hii ni nafaka inayofanana na ngano na huvumilia baridi. Pia walivua samaki na kuwinda.

Mpaka wawagawa

Mwaka 1323 Uswidi na Novgorod, dola ya Warusi, zilipatana kuigawa Karelia. Watu wa magharibi wakawa chini ya Uswidi. Wa mashariki wakawa chini ya Novgorod na kufuata Kanisa la Orthodoksi.

Mwaka 1617 Uswidi ilichukua sehemu nyingine. Waorthodoksi wengi walihama. Wengine walifika Tver, si mbali na Moscow. Wajukuu wao wako huko mpaka leo.

Kisha zikaja vita kati ya mwaka 1939 na 1944. Ufini ilipoteza ardhi kubwa ya Karelia. Watu zaidi ya 400,000 waliacha nyumba na mashamba yao.

Lugha yao

Kikarelia ni ndugu wa Kifini. Wazee walijua nyimbo ndefu za mababu, bila kuzisoma popote. Daktari mmoja Mfini, Elias Lönnrot, alipita vijijini akiziandika. Mwaka 1835 alitoa kitabu kiitwacho Kalevala. Kitabu hicho kiliwapa Wafini sifa kubwa. Lakini nyimbo nyingi zilitoka vinywani mwa Wakarelia.

Katika Karelia ya Urusi, watu walifundishwa kusoma kwa Kifini. Mwaka 1937 serikali ilileta vitabu vya Kikarelia kwa herufi za Kirusi. Mwaka 1940 vitabu hivyo viliachwa, Kifini kikarudishwa. Mtu aliyekwisha kujifunza kusoma kwa lugha ya mama yake alibaki bila vitabu vipya.

Baadaye wazazi wengi walisema na watoto wao kwa Kirusi tu. Mwaka 2010 Wakarelia waliohesabiwa Urusi walikuwa kama 60,000. Mwaka 2021 walikuwa kama 32,000.

Wanavyojitahidi

Mwaka 1990 lilianzishwa gazeti la Kikarelia liitwalo Oma Mua. Maana yake ni "nchi yetu wenyewe". Baadaye ilifunguliwa nyumba ya lugha katika kijiji cha Vedlozero, ili watu wajifunze na kuzungumza Kikarelia.

Gazeti huhifadhi maneno. Lakini bibi asiposema na mjukuu wake, kesho gazeti litakosa msomaji.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini Wakarelia walihama mara nyingi?
2. Nani anaweza kuiokoa lugha: shule, gazeti au wazazi?