Homa ya Mafua: Kirusi Kinachomziba Mdomo Mpiga Ukunga (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulikiacha kirusi cha homa ya mafua kimeshapenya ndani ya seli ya koo. Seli hiyo haina maisha marefu, lakini kabla ya kufa hupiga ukunga: hutoa protini iitwayo interferoni, inayozifikia seli jirani na kuziambia zifunge milango. La mgambo likilia lina jambo.

Interferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Waliloweka utando wa yai la kuku pamoja na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto. Majimaji yaliyotoka humo yakaukinga utando mwingine dhidi ya virusi hai. Tazama vizuri hapo: walioamsha kelele walikuwa maiti.

Kirusi hai ni mjanja zaidi. Vinasaba vyake ni vipande 8 tu vya RNA, ila kimoja hubeba maelekezo ya protini iitwayo NS1, ambayo kazi yake kubwa ni kumziba mdomo mpiga ukunga. NS1 huifunika RNA ya kirusi ili walinzi wa seli wasiitambue. Na ikiwa seli imeshaanza kuandaa ujumbe wake, huuvuruga usikamilike. Kirusi kikazaana kimyakimya, mwenyewe yuko sokoni anapeana mikono na watu.

Ukunga ukija kusikika, huja kwa kishindo. Homa na maumivu ya viungo, kwa sehemu kubwa, ni makelele ya kinga yenyewe.

Mimi hunitisha zaidi kinachofuata. Siku ya tano mgonjwa anaoga, anaomba uji, anasema amepona. Siku mbili baadaye anatetemeka kwa baridi, kifua kinamchoma kila akivuta pumzi, na makohozi yana rangi ya kutu. Huyo si kirusi tena. Vinyweleo vinavyofagia njia ya hewa vimeharibiwa, seli za mapafuni zinazomeza vijidudu zimepungua au zimelegea, na bakteria aina ya neumokoki, waliokuwa wamejikalia puani bila kumdhuru mtu, wamekuta nyumba haina mlinzi. Mwaka 1918, kabla ya penisilini, wengi wa waliokufa kwa janga la mafua walimalizwa na nimonia ya namna hii.

Wiki ijayo: kwa nini chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu.