Kinamasi, Ardhioevu na Bonde

Mara nyingi neno kinamasi hutumika kwa kila mahali penye majimaji. Matumizi hayo yafaa yasahihishwe.

Tuchukue mfano wa Njoro, mjini Moshi. Mvua inyeshayo katika misitu ya Kilimanjaro hupenya miamba ya volkano, hupita chini kwa chini, kisha hububujika penye chemchemi za tambarare. Katika Msitu wa Rau, ulio jirani, miti mikubwa kama msoo husitawi kwa maji hayo ya ardhini. Chemchemi si kinamasi. Kinamasi ni mahali pa matope na maji yaliyotuama, kama kile cha Kirua, chini ya Bwawa la Nyumba ya Mungu. Hata hivyo zote ni ardhioevu, maana Mkataba wa Ramsar wa 1971, ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2000, wahesabu pia maji yatiririkayo. Basi kila kinamasi ni ardhioevu, lakini si kila ardhioevu ni kinamasi.

Bonde nalo lina maana mbili. Kwa mkulima ni ardhi ya chini baina ya vilima. Kwa mtaalamu wa maji, Bonde la Pangani ni eneo lote ambalo maji yake huelekea Mto Pangani, miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ikiwamo.

Hati itajayo vinamasi pekee huziacha chemchemi bila ulinzi. Na adhaniaye kuwa bonde ni tambarare tu huusahau msitu wa mlimani, nao ndio uzilishao chemchemi hizo.