Kitabu Kilicho Ndani ya Simu Kina Mwenyewe



Siku hizi simu inabeba mengi: barua, picha, nyimbo, hata kitabu kizima. Kitabu kikiwa ndani ya simu huitwa faili. Unabonyeza mara moja tu, na jirani amekipata. Ni jambo jema. Lakini je, kila faili ni la kugawa?

Darasa letu lina kundi la simu la kuulizana maswali. Siku moja mama mmoja aliuliza: "Jamani, kuku wangu wanakwisha kwa mdondo. Nifanyeje?" Mmoja wetu sisi walimu akajibu kwa kutuma kitabu kizima cha ufugaji. Kitabu hicho kinauzwa dukani. Watu wote wa kundi wakakipata bure. Mtunzi hakupata hata senti. Hapo tulikosea sisi walimu.

Wengine husema, "Mbona kitabu chake bado anacho? Hatukumnyang'anya." Ni kweli, anacho. Lakini waliopata faili bure hawatanunua tena. Mtunzi akikosa riziki, kitabu cha pili atakiandika kwa nguvu gani?

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, mtunzi ndiye anayeamua nani atoe nakala za kazi yake na nani azisambaze. Haki hiyo hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo ni urithi wa watoto wake, kama lilivyo shamba.

Basi, tuache kusaidiana? Hapana! Sheria inalinda maandishi ya mtunzi. Maarifa yenyewe ni ya wote. Tazameni: Mdondo, au kideri, hauna dawa. Kinga yake ni chanjo. Kuku angali mzima hutiwa tone moja jichoni, na chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi 3. Tumeyaeleza hayo kwa maneno yetu wenyewe. Mama yule amejibiwa, na mtunzi hakuibiwa.

Kwa hiyo, mkiulizwa jambo, fanyeni hivi:

1. Elezeni mnachojua kwa maneno yenu.
2. Mkinukuu, nukuuni kipande kifupi. Tajeni mtunzi na jina la kitabu.
3. Faili ambalo mwenyewe ameruhusu ligawiwe bure, tumeni bila wasiwasi.
4. Kitabu cha kuuzwa, changeni fedha mnunue. Kuazimana kitabu si kosa.

Sisi tulifuta lile faili. Tukachanga, tukanunua vitabu viwili vya darasa. Wa kwanza kuazima alikuwa mama yule mwenye kuku.

Maswali ya kuzungumza darasani:

Ni faili gani mlilotumiwa mwezi huu? Mwenyewe ni nani? Je, aliruhusu?