Kabla ya Bampa la Chuma, Tazama Rejeta

Anayetengeneza gari la fowili huko Lizaboni, Songea, kwa ajili ya safari ndefu hudanganywa kirahisi na hali ya hewa. Songea iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na gari likijaribiwa mjini halichemshi. Lakini safari zenyewe huteremka. Barabara ya Mbinga inaishia Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mita 475 hivi. Ile ya mashariki inashuka kupitia Namtumbo na Tunduru hadi Masasi na Mtwara, ambako jua la Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, halina huruma. Ndiyo maana naona fedha ianzie kwenye rejeta na matairi, kisha ndipo ifikiriwe bampa la chuma, winchi na taa. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu chuma kinaonekana.

Mtihani wenyewe ni kupanda kutoka ziwani kurudi milima ya Umatengo gari likiwa limejaa: injini inavuta kwa nguvu, mwendo ni mdogo, na upepo unaopita kwenye rejeta ni haba. Taa za ziada zilizopangwa mbele ya rejeta huupunguza zaidi. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kwa 96 hivi kwenye mwinuko wa Songea. Mfuniko mzima wa rejeta hushikilia shinikizo na kukisogeza kiwango hicho hadi karibu 120. Mfuniko uliolegea, kitu cha bei ndogo kabisa, unaweza kuua injini. Mafundi wengi watakwambia uitoe themostati, eti nchi ya joto haiihitaji. Siafiki. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa mapema, na katika injini nyingi za Toyota themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huzidi kuchemsha.

Kuna watakaosema siku hizi ni lami tu, tairi lolote litafika. Lakini lami ndiyo inayoleta mwendo kasi. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila linapozunguka, mkunjo huzaa joto, mzigo na kasi huliongeza, mwisho tairi hupasuka. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, wala usipunguzwe likishapata moto. Soma pia tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri linaweza kuwa limeshazeeka.

Hoja nzito zaidi ni kwamba njiani, hasa upande wa Mkenda kuelekea Msumbiji, maduka ya spea ni ya kubahatisha, hivyo lazima kubeba kila kitu. Kubeba ni lazima. Kila kitu, hapana. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, la dizeli kilo 17 hivi, na madumu sita kwenye keria yanalifanya gari liyumbe kwenye kona. Beba feni belti, mipira ya rejeta, kulanti, matairi mawili ya akiba na maji ya kunywa, vizito vikae chini. Fedha ikibaki, nunua bampa.