Jina la Luteni Uhura na Neno Uhuru

Ni michezo michache ya televisheni iliyopendwa na kuchekwa kwa pamoja kama ule mfululizo wa Kimarekani uitwao Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry na kuonyeshwa na shirika la NBC tangu tarehe 8 Septemba 1966 hata tarehe 3 Juni 1969. Michezo yake ni 79, nayo yaeleza safari za merikebu ya angani katika karne ya ishirini na tatu. Waliokuwa watoto siku zile, ambao sasa ni wazee, huikumbuka kwa huba, na wanachokikumbuka kwanza aghalabu ni udhaifu wake. Hukumbuka miamba ya sayari za mbali iliyoonekana dhahiri kuwa ni kazi ya fundi. Hukumbuka mbingu zilizotiwa rangi kwa taa. Hukumbuka Gorn, adui mwenye sura ya kenge, ambaye hakuwa ila mtu aliyevishwa mpira. Na tribbles, vinyama visivyo kichwa wala miguu, vilivyoshonwa kwa manyoya ya bandia na kumwagwa juu ya nahodha hata akazama kifuani. Hata ule uchawi wa kumyeyusha mtu chomboni na kumsimamisha ardhini ulizaliwa na uchache wa fedha, kwa kuwa kuonyesha merikebu ikitua kila juma kungaliwagharimu mno.

Katikati ya mapambo hayo, nyuma ya kiti cha nahodha, alikaa mwanamke mweusi mwenye kidude cha kusikilizia sikioni. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka habari, na jina lake Luteni Uhura. Jina hilo ladhaniwa na wengi kuwa ni la Kiswahili. Si la Kiswahili hasa, wala si geni kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo lastahili kuchunguzwa.

Aliyecheza sehemu hiyo ni Nichelle Nichols (1932–2022), ambaye kabla yake alikuwa mwimbaji. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku alipokwenda kujaribiwa alichukua mkononi riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962. Ruark alikuwa mwindaji na mwandishi wa Kimarekani aliyeitazama Kenya zaidi kwa macho ya walowezi, na ni ajabu ya historia kwamba yeye ndiye aliyekuwa daraja la neno hili. Roddenberry alilipenda neno na maana yake, ila mwisho wake ulionekana mgumu kwa jina la mwanamke; basi irabu ya mwisho ikalainishwa, -u ikawa -a.

Neno lenyewe lilikuwa bado lina joto. Asili yake ni Kiarabu, hurr, likapewa kiambishi u- kama ilivyo desturi ya majina ya hali. Zamani katika pwani aliyezaliwa bila ya utumwa aliitwa mwungwana, na hali yake ikaitwa uungwana; huru alikuwa hasa mtumwa aliyeachwa. Katika miaka ya 1950 siasa ikalinyanyua neno kutoka katika habari za mtu mmoja ikalifanya la taifa zima. Bendera ya Tanganyika ilipandishwa tarehe 9 Desemba 1961, ya Uganda tarehe 9 Oktoba 1962, ya Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa, haijatimia miaka mitano tangu bendera ya kwanza kati ya hizo.

Ama kuhusu irabu, dhana kwamba jina la kike yafaa liishe kwa -a ni ya lugha za Ulaya. Ngeli za Kiswahili hazipambanui mume na mke. Juma, Hamza, Musa na Mustafa ni wanaume. Siti, Mwanakheri na Zawadi ni wanawake. Ni kweli kwamba pwani wako Rashidi na Rashida, Salimu na Salima, lakini hiyo ni kanuni ya Kiarabu iliyokuja pamoja na majina yake, wala haikuenea katika maneno mengine. Mswahili asikiapo Uhura hasikii uhuru wa kike. Husikia neno lililokatika mwishoni. Hata hivyo yako mambo mawili ya sadfa. La kwanza, katika Kiarabu mwanamke huru huitwa hurra, hata Wamarekani wale, bila ya kujua, walilirudisha neno kwa njia ya kienyeji likawa karibu na sura yake ya kike ya asili. La pili lapendeza zaidi. Lau wangalimwuliza mtu wa Lamu au Unguja jina la mwanamke lifaalo safari za mbinguni, yamkini angaliwapa Zuhura, ambalo ni jina la wanawake wengi wa pwani na pia ni jina la sayari ing'aayo jioni na alfajiri. Walikosea kwa herufi moja tu.

Haifai kuyatia haya katika daftari la makosa. Katika mji huohuo wa Los Angeles, mwezi wa Desemba mwaka uleule wa 1966, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa. Jina lake lilitolewa katika maneno matunda ya kwanza, likaongezwa a moja mwishoni, na misingi yake saba ikapewa majina ya Kiswahili kama umoja, ujima na imani. Wazee wa Wamarekani weusi walio wengi walitoka Afrika ya magharibi, wala hawakusema Kiswahili. Walikitaka kwa sababu hakikuwa cha kabila moja, na kwa sababu ndicho walichokisikia kikitajwa pamoja na uhuru.

Mchezo haukuishia katika jina. Katika The Man Trap, uliokuwa wa kwanza kuonyeshwa, yumo mnyama aishiye kwa chumvi ya miili ya watu, naye huvaa sura aionayo katika mawazo ya mtu. Kwa Uhura alikuja katika sura ya kijana mweusi mtanashati, akamsemesha Kiswahili. (Kwa ajili ya mchezo huo zilinunuliwa chupa za chumvi za mitindo ya ajabu, zilipoonekana kuwa watazamaji hawatazitambua, zikageuzwa vyombo vya upasuaji vya daktari wa merikebu.) Basi Wamarekani walikisikia Kiswahili usiku wa kwanza kabisa, nacho kilikuwa chambo: mwenye kuwinda alijua kwamba mtu aliye mbali na kwao hukaribishwa upesi na lugha ya kwao.

Katika The Changeling, wa mwezi wa Septemba 1967, Uhura afutwa kumbukumbu zote na mtambo, kisha afundishwa tena kusoma Kiingereza kama mtoto wa chekechea. Akwamapo, atoka kwa Kiswahili. Watazamaji wamecheka: kama kila kitu kimefutwa, Kiswahili kimebakije? Swali hilo si la kipuuzi. Théodore Ribot alidai mwaka 1881 kwamba yaliyotangulia kuingia kichwani ndiyo yanayochelewa kutoka. Albert Pitres akasema mwaka 1895 kwamba lugha irudiyo kwanza ni ile iliyozoewa zaidi. Mtunzi wa mchezo yawezekana hakuwaza lolote katika hayo. Lakini kwa mandhari moja fupi alithibitisha kuwa Kiswahili ni lugha ya mama ya afisa wa karne ya ishirini na tatu, na hayo ni katika mwaka ambao Tanzania yenyewe ilikuwa ikikifanya lugha ya kufundishia katika shule za msingi.

Heshima hiyo ilikaribia kupotea. Nichols, aliyepewa maneno machache ya kusema, alitaka kuacha kazi baada ya mwaka wa kwanza. Asimulia kwamba Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa watu walikuwa wakimwona mweusi katika cheo ambacho si cha utumishi wa nyumbani. Akabaki. Mae Jemison, aliyemtazama utotoni, alikwenda angani mwaka 1992, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufanya hivyo, naye amejifunza Kiswahili. Jina la kwanza la Uhura halikutajwa katika michezo ile; Nyota liliandikwa na William Rotsler katika kitabu cha mwaka 1982, likasikika katika filamu mwaka 2009. Hilo ni Kiswahili safi, lenye maana ya kitu cha mbinguni na ya bahati ya mtu pia.

Neno uhuru nalo, kwa irabu yake kamili, lilikwisha kufika angani kwa kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo cha Marekani cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kikapewa jina Uhuru. Kilikuwa cha kwanza cha namna yake, na kiliendelea kupeleka habari hata Machi 1973.