Diski ikijaa, usifunge faili

Mwenye duka hachani ukurasa wa madeni kabla hajajua kama daftari lina ukurasa mwingine mtupu. Programu nyingi za kompyuta hufanya hivyo hasa.

Mimi nilisomea ukimbizini Kigoma, nikarudi Burundi, na sasa nafundisha kompyuta. Hivi karibuni niliitwa na wakala mmoja wa forodha upande wa Kobero. Mashine yake ya Linux, inayotunza hati za mizigo, ilikuwa imejaa pomoni. Kijana wake alifungua faili la /etc/fstab, linaloieleza mashine diski zake ziko wapi, akabadili mstari mmoja na kuhifadhi. Kioo kikasema hakuna nafasi. Kutazama ukubwa wa faili, ni baiti 0.

Sababu ni hii. Programu huanza kwa kufuta yaliyomo, ndipo huandika upya. Kufuta hakuhitaji nafasi, kuandika kunahitaji. Na nafasi ndogo iliyoachwa huweza kunyakuliwa papo hapo na programu nyingine, kama ile inayoandika taarifa za mfumo kwenye /var/log. Ni kweli kwamba ext4 kwa kawaida humtengea msimamizi asilimia 5 ya diski, lakini hata akiba hiyo huisha.

Bahati nzuri, kijana hakuwa ameifunga programu. Maneno yote yalikuwa bado kwenye kumbukumbu ya mashine. Tulifungua dirisha jingine, tukahamishia hati za zamani kwenye diski ya nje, kisha akahifadhi tena. Faili likarudi zima. Angezima mashine, siku ya pili ingegoma kuwaka sawasawa, na malori yangelala mpakani.

Kwa hiyo, ndugu zangu wenye maduka na ofisi, shikeni haya. Kabla ya kugusa faili la mfumo, andika df -h uone nafasi iliyobaki. Weka nakala kwenye diski nyingine, na uhakikishe ukubwa wake si sifuri, maana nakala iliyofanywa kwenye diski iliyojaa nayo huweza kuwa tupu. Na kioo kikikuambia hakuna nafasi, usifunge wala usizime. Tafuta nafasi kwanza, uhifadhi tena, ndipo ufunge.