MTOTO AKIMEZA KITU KISICHO CHAKULA: USIMTAPISHE, MWAHISHE KITUONI

Mama amekwenda kuchukua posho, mtoto amebaki anacheza kwenye mkeka. Anaporudi anakuta mtoto analia, mate yanamtoka, hataki kunyonya. Majirani wanakusanyika. Mmoja anasema apewe maji ya chumvi atapike. Mwingine anasema amezeshwe tonge la ugali lisukume. Wote wana nia njema, lakini njia zote mbili zinaweza kumdhuru mtoto zaidi.

Mimi mhudumu wenu wa afya nilikuta hali kama hiyo nikitembelea nyumba. Mama aliniambia, "Amemeza sarafu, tungoje itoke." Tulipotafuta, sarafu tuliikuta chini ya mkeka. Kilichokosekana ni betri ya tochi, ile ndogo ya duara mfano wa kifungo. Hatukungoja asubuhi. Kwenye picha ya eksirei ilionekana imekwama kooni, akapewa rufaa ikatolewa. Leo anakula vizuri.

Kwa nini betri ni hatari kuliko sarafu? Ikikwama kwenye njia ya chakula, umeme wake huunguza nyama ya ndani. Saa 2 tu zinatosha kuleta kidonda kikubwa. Hata betri iliyokwisha nguvu kwenye tochi bado inaweza kuunguza.

FANYA HIVI
1. Tazama kama anapumua. Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kulia, kukohoa au kupumua, amepaliwa. Mwinamishe, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Kisichotoka, aliye chini ya mwaka 1 mgeuze chali umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Aliyezidi mwaka 1 simama nyuma yake, umbane tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara 5. Rudia huku mwenzako anaita msaada.
2. Kama anapumua, mpeleke kituoni mara moja, hata usiku. Sema amemeza nini na saa ngapi. Beba kitu kinachofanana nacho.
3. Kama ni betri, na mtoto amezidi mwaka 1 na anaweza kumeza, mpe asali vijiko 2 vidogo kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali haiponyi, inapunguza tu kuungua. Kama haipo nyumbani, usipoteze muda kuitafuta. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali kabisa.

USIFANYE HIVI
- Usimtapishe.
- Usimpe ugali, ndizi wala dawa ya kuharisha.
- Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona.

Sarafu nyingi zikishafika tumboni hutoka zenyewe kwa choo. Lakini mganga ndiye wa kuamua mngoje nyumbani, si jirani wala mimi. Mkiambiwa mngoje, chunguzeni choo chake kila siku. Akitapika, akiumwa tumbo au akitoa choo cheusi au chenye damu, rudini upesi. Sumaku, pini na msumari navyo visingojewe.

Ndugu mzazi, leo jioni kagua tochi, redio na saa zako. Kifuniko kilicholegea kifunge kwa gundi ya karatasi. Betri zilizokwisha zisitupwe uani watoto wanapocheza. Na ukiwa na shaka kama ni sarafu au betri, ihesabu kuwa ni betri, ukimbie.

Kinga ni bora kuliko tiba.